Omega Speedmaster Professional: Tathmini ya Mkusanyaji wa Saa wa Mbeya

Kronografu, yaani saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa vitufe, ikiwa ni ya kutia ufunguo kwa mkono si saa inayotafutwa na wengi hapa Mbeya. Wenye uwezo wa kununua saa ya gharama hupendelea zile zinazojijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono, au zenye dhahabu inayoonekana tangu mlangoni, na hilo linaeleweka, kwa kuwa saa ya bei hiyo wengi huinunua iwe pambo la harusini, kanisani na vikaoni. Mimi hukusanya saa za kupimia muda, na kazi yangu ni kuonja kahawa ya Mbozi na Rungwe kabla haijapelekwa mnadani, kazi ambayo dakika na sekunde zina maana kila siku ya msimu. Kwa hiyo nimeipima Omega Speedmaster Professional, toleo lililoingia sokoni mwaka 2021 likiwa na mashine iitwayo kalibra 3861, kwa maswali mawili tu: je, ni chombo kinachofanya kazi yake, na je, mtu anayeishi mbali na karakana za mtengenezaji anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kuumia? Kwa swali la kwanza jibu langu ni ndiyo. Kwa la pili ni ndiyo yenye masharti, na masharti hayo nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa wakati mnunuzi amesimama mbele ya kabati la dukani.

Niliyonunua ni ya chuma cha pua, yenye kioo cha plastiki ngumu ambayo kampuni huiita Hesalite. Upana wake ni milimita 42 na unene takriban milimita 13, kwa hiyo inaingia chini ya mkono wa sweta bila kukwama, jambo ambalo mkazi wa Uyole au Tukuyu atalithamini ifikapo Juni. Uso ni mweusi, mishale ni myeupe, na hakuna tarehe. Upande wa kushoto kuna duara dogo la sekunde za kawaida, upande wa kulia duara la dakika 30, na chini duara la saa 12. Mshale mrefu wa katikati umesimama kwenye sifuri na hausogei mpaka uuamuru.

Asubuhi huitia ufunguo kabla ya chai. Kifundo kinapozungushwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada huwa laini mwanzoni, kisha ukinzani unaongezeka polepole mpaka kinapogoma, na hapo ndipo pa kuacha. Springi ikijaa, mashine hutembea kwa takriban saa 50, kwa hiyo ukisahau siku moja bado utaikuta hai. Wapo wanaoona kazi hii ni usumbufu. Kwangu ni dakika ambayo ninaikagua saa kila siku: ninajua kama kifundo kimeanza kukwaruza, kama kuna unyevu chini ya kioo, kama mshale umelala mahali pake. Saa inayojijaza haimpi mwenyewe sababu ya kuishika hivyo.

Vitufe vyake ndivyo vilivyonifanya nitoe fedha. Cha juu huanzisha na kusimamisha, cha chini hurudisha mishale kwenye sifuri. Ukibonyeza cha juu taratibu, kidole hukutana na ukinzani mfupi na imara, halafu kitufe kinakubali ghafla, na papo hapo mshale wa katikati unaondoka. Mara chache mshale huo hushtuka kidogo unapoanza, kwa sababu katika mashine za mtindo huu magurudumu mawili yenye meno husogezwa ubavu kwa ubavu mpaka yakamatane, na meno hayakutani mahali pale pale kila mara. Mnunuzi asidhani huo ni ubovu. Kinachopaswa kumtia wasiwasi ni mshale usiorudi sawasawa kwenye alama ya juu baada ya kubonyeza kitufe cha chini. Na kitufe hicho cha chini kisibonyezwe kamwe wakati mshale unakimbia. Simamisha kwanza, kisha rudisha.

Mashine hupiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani 6 kwa sekunde. Matoleo ya miaka mingi iliyopita yaligawa kila sekunde usoni katika sehemu tano, mgawanyo usiolingana na mapigo hayo, hata mshale uliposimamishwa uliweza kuangukia pasipo na alama. Toleo la 2021 linagawa kila sekunde katika sehemu tatu, na sasa mshale husimama ama juu ya mstari ama katikati kabisa ya mistari miwili. Ni badiliko dogo ambalo wauzaji hawalitaji, na kwangu linaonyesha kwamba waliolisanifu upya waliifikiria saa hii kama kipimo.

Nieleze ninavyoitumia mezani. Tunapoonja kahawa, kila sampuli husagwa na kuwekwa katika vikombe vitano, gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji, na maji humiminwa yakiwa ya nyuzijoto zipatazo 93. Kikombe cha kwanza kinapopokea maji ndipo ninapobonyeza kitufe. Baada ya dakika 4 utando wa kahawa uliopanda juu huvunjwa kwa kijiko, kikombe kwa kikombe, kwa mpangilio ule ule wa kumimina, ili kila kimoja kipate muda sawa. Ukichelewa sampuli moja kwa nusu dakika, unaweza kumshushia mkulima daraja kwa kosa ambalo si lake. Mshale wa duara la dakika huruka hatua moja kila dakika inapotimia, hivyo nikiinua macho mara moja najua niko wapi, hata kama kijiko kiko mkono wa kulia na karatasi ya alama mkono wa kushoto. Simu inaweza kufanya hesabu hiyo hiyo, lakini simu huita, huzimika kioo, na haipokei vidole vilivyolowa. Chai ya Mufindi na Rungwe huonjwa baada ya kulowekwa dakika 6, na huko nako kazi ni ile ile.

Pete ya nje ina kipimo cha takimeta, ambacho wengi hukiona kama urembo tu. Anza kuhesabu kwenye nguzo moja ya kilomita barabarani, simamisha kwenye nguzo inayofuata, na mshale utaelekea kwenye namba inayoonyesha kilomita kwa saa. Basi linalokwenda kwa kasi ya 80, ambayo ndiyo kikomo cha mabasi nje ya miji, humaliza kilomita moja kwa sekunde 45. Nimejaribu nikiwa abiria katika barabara kuu ya kwenda Iringa, maeneo yaliyonyooka baada ya Igawa, na kipimo hiki hakimfichi dereva. Kikomo chake ni kwamba namba zinaishia 60, kwa hiyo mwendo wa 50 wa ndani ya mji hausomeki moja kwa moja. Pima nusu kilomita badala ya nzima, kisha gawa jibu kwa mbili.

Usahihi wake ni mzuri kuliko nilivyozoea kwa saa zisizo na betri. Saa hii ina cheti cha Master Chronometer, kinachotolewa baada ya majaribio yanayosimamiwa na METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, na masharti yake ni kwamba saa isipoteze hata sekunde moja kwa siku wala isizidi kwa zaidi ya sekunde 5. Yangu hukaa ndani ya mpaka huo. Cheti hicho pia kinathibitisha kwamba sumaku yenye nguvu ya hadi gausi 15,000 haiivurugi. Sumaku iko kila mahali siku hizi, kwenye spika, kwenye vifuniko vya simu na kwenye vifungo vya mikoba, na saa nyingi za zamani ninazopelekewa zikiwa zinakimbia kupita kiasi huwa zimeshikwa na sumaku tu, wala hakuna kilichovunjika ndani.

Kuhusu kioo, ushauri wangu unapingana na wa wauzaji wengi. Ipo pia Speedmaster ya kioo cha yakuti kinachotengenezwa kiwandani, ghali zaidi, isiyokwaruzika kirahisi, na yenye mgongo wa kioo unaoonyesha mashine. Ni nzuri mno kutazama. Hata hivyo Hesalite ina sifa ambayo yakuti haina: ikigongwa kwa nguvu haipasuki vipande vipande, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyokwenda angani na wanaanga wa Marekani. Inakwaruzika, naam. Yangu ilipata mkwaruzo wa kupinda kwenye ukingo wa meza ya kuonjea, mrefu kama punje ya mchele. Niliweka tone la dawa ya kung'arishia plastiki kwenye kitambaa cha pamba, nikasugua kwa mzunguko bila kukandamiza, nikafuta, nikarudia, na mkwaruzo ukafifia mpaka ukatoweka. Dawa ya meno ya kawaida nayo hufanya kazi hiyo kwa mikwaruzo midogo. Kwa anayeishi mahali ambapo kioo kipya hakipatikani dukani, kioo unachoweza kukisafisha mwenyewe ni faida kubwa.

Sifa ya saa hii haikuanzia angani. Ilitoka mwaka 1957 ikiwalenga madereva wa mashindano ya magari, na NASA, shirika la anga la Marekani, iliiidhinisha Machi 1965 baada ya kuijaribu kwa joto, baridi, unyevu, mitikiso na mabadiliko ya shinikizo. Mwanaanga Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi Julai 1969, wakati mwenzake Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu kipima muda cha humo kilikuwa kimeharibika. Lakini tukio ninaloliheshimu kuliko hayo ni la Apollo 13, safari ya mwezini iliyopata ajali angani, Aprili 1970. Mitambo mingi ilikuwa imezimwa ili kuokoa umeme, chombo kilihitaji kurekebishwa mwelekeo kwa kuwasha injini kwa sekunde 14, na Jack Swigert, mmoja wa wanaanga wake, akazipima kwa Speedmaster yake. Hapo saa ilifanya ilichoundwa kufanya. Ni haki kwamba mnunuzi analipia kiasi fulani cha historia hiyo, na mimi nililipia kwa moyo mweupe.

Sasa masharti. La kwanza ni matengenezo. Mashine ya 3861 huachilia nguvu ya springi pigo kwa pigo kwa mfumo wa Co-Axial, uliobuniwa na Mwingereza George Daniels na kuingizwa na Omega kwenye saa zake mwaka 1999. Mfumo huu hupunguza msuguano, lakini unahitaji fundi aliyefundishwa, vifaa vyake na mafuta yake, yanayowekwa mahali pake kwa kipimo. Nilimpelekea mzee anayenitengenezea Seiko zangu pale Mwanjelwa, mtu ambaye mkono wake nauamini. Aliigeuza, akaisikiliza sikioni, akabonyeza vitufe mara mbili, akanirudishia. "Hii siifungui, mwanangu," akasema. "Kuifungua naweza, na kuifunga naweza, lakini haitakuwa ile uliyoniletea." Nilimshukuru, kwa sababu fundi anayejua mpaka wake ni wa thamani kuliko anayekubali kila kazi. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba saa hii itasafiri nje ya nchi kila inapohitaji kusafishwa, na Omega yenyewe hupendekeza iwe kila baada ya miaka 5 hadi 8. Gharama ya kusafisha kronografu ni kubwa, kusafirisha kunahitaji bima, na saa inaweza kukaa huko miezi. Asiyeweza kutenga fedha hizo asinunue, hata kama bei ya dukani anaimudu.

Kwa sababu hiyo hiyo, mkusanyaji wa nyanda hizi anayetaka Speedmaster moja tu asiidharau ya zamani yenye kalibra 1861, iliyotumika hadi 2021. Haina cheti cha METAS, haihimili sumaku kiasi hicho, na mshale wake wa sekunde hausimami unapovuta kifundo ili kuiweka sawa. Lakini mfumo wake ni wa kawaida, na mafundi wengi zaidi duniani wanaweza kuusafisha. Nimezishika zote mbili kwa siku nyingi. Ya 3861 ni saa bora. Ya 1861 ni rahisi zaidi kutunzwa ukiwa mbali.

Wapo watakaouliza juu ya Rolex Daytona na Zenith. Daytona hujijaza yenyewe, hutembea saa 72, huvumilia maji zaidi, na ni kronografu iliyotengenezwa kwa ustadi usio na ubishi. Tatizo ni kwamba huingii dukani ukatoka nayo: kuna kusubiri, na wanaoiuza mkononi huongeza bei kupita kiasi. Kulipa nyongeza hiyo ni kulipia haraka, na haraka haibaki kwenye mkono. Zenith El Primero, ya tangu 1969, hupiga mapigo 36,000 kwa saa na kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Ningependa siku moja niwe nayo. Anayeweka matengenezo mbele ya yote atazame kronografu zenye mashine ya Valjoux 7750, iliyosanifiwa na Edmond Capt katika miaka ya 1970, kwa kuwa hiyo mafundi wengi wa kronografu wanaifahamu na vipuri vyake vimeenea. Vitufe vyake ni vizito zaidi, na saa huwa nene.

Sharti la pili ni karatasi. Kabla ya kununua kwa wakala niliwahi kuonyeshwa Speedmaster kwa muuzaji mmoja jijini Dar es Salaam, kwa bei iliyopungua kiasi cha kuvutia. Kadi ya dhamana, nikaambiwa, ilipotea wakati wa kuhama nyumba. Mshale mrefu wa katikati ulikuwa unazunguka wenyewe bila kubonyezwa, ukifanya kazi ya sekunde za kawaida, na duara moja dogo lilikuwa linaonyesha siku za wiki. Saa ya namna hiyo ni bandia, na haihitaji kufunguliwa ili kulijua hilo. Kuna bandia za hali ya juu zaidi zinazoiga hata vitufe, na kwa hizo kinga ni kununua palipo na risiti, kadi yenye namba inayolingana na iliyochongwa kwenye saa, na dhamana ya kampuni, ambayo ni ya miaka 5. Kwenye Hesalite halisi kuna pia alama ndogo sana ya Omega katikati ya kioo, ambayo huonekana ukiinamisha saa kwenye mwanga na kuitafuta kwa lenzi.

Yangu niliinunua kwa wakala rasmi mjini Dubai, katika safari ya shughuli nyingine. Huduma ilikuwa ya subira: dada aliyenihudumia aliniletea ya Hesalite na ya yakuti kwenye kitambaa kimoja, akaniacha nibonyeze vitufe nitakavyo, na aliponiona nimeamua hakujaribu kunisukumia ile ya ghali. Walipunguza vipande vya mkanda papo hapo na kunipa vilivyobaki katika kifuko. Bei ilivuka dola 6,000 za Marekani. Kodi ya ongezeko la thamani ya huko ni asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu yake kubwa anapoondoka akiwa na risiti. Lakini anaporudi Tanzania anapaswa kuitamka saa forodhani na kulipa ushuru pamoja na VAT ya asilimia 18. Hesabu hiyo ifanywe nyumbani, kabla ya kupanda ndege Songwe. Mwenye risiti ya forodha anaweza kuikatia saa bima, kuipeleka nje kwa matengenezo na kuirudisha bila kuulizwa mara mbili, na siku akitaka kuiuza atakuwa na mnunuzi anayemwamini.

Kasoro nilizoziona ni mbili. Maji ni hadi mita 50 tu, kiwango kinachotosha mvua ya masika na kunawa mikono, lakini si cha kuogelea Matema, na vitufe visiguswe saa ikiwa imelowa. Ya pili inanikera zaidi. Mkanda wa chuma ni mzuri, mwepesi, unapungua kutoka milimita 20 penye saa hadi 15 penye kifungo, na hauvuti vinyweleo. Ila kifungo cha yangu hakina njia ya kuulegeza au kuukaza haraka bila kifaa. Mbeya asubuhi ni baridi na mchana jua hupanda, na mkono hubadilika nao. Mkanda uliokaa vizuri saa moja asubuhi hubana saa nane mchana. Kwa saa ya bei hii, jambo hilo lilipaswa kuwa limetatuliwa.

Nimeuweka mkanda huo kwenye boksi lake na kuvalisha saa mkanda wa ngozi wa milimita 20, wenye matundu ya kutosha, ulioshonwa na fundi viatu wa hapa mjini kwa kipimo cha mkono wangu. Anayenunua toleo la mkanda wa chuma asikubali kuachiwa dukani vile vipande vilivyopunguzwa. Ndivyo mnunuzi wa baadaye huulizia kwanza.